Maswali ya Wasomaji: Kitambaa Bapa, Mwili wa Mviringo

Maswali tuliyoyachagua safari hii yanahusu misingi ya ubunifu wa mavazi na ushonaji. Waulizaji ni tofauti na matatizo yao ni tofauti, lakini karibu yote yanatoka kwenye shina moja: kitambaa huja kikiwa bapa, ilhali mwili unaokusudiwa kuvaa una mizunguko, vilima na mabonde, nao haukai kimya. Fundi ndiye anayevipatanisha. Baadhi ya maswali nimeyajibu kwa maneno machache na mengine nimekaa nayo kwa muda, kwa sababu hayana uzito sawa.

Swali: Mwalimu, napenda sana ubunifu wa mavazi lakini sijui kuchora. Kila nikijaribu kumchora mtu, mikono inazidi urefu na uso unapotoka. Je, niachane na kazi hii nitafute nyingine?

Jibu: Usiachane nayo. Kuchora ni njia mojawapo ya kuwaza kuhusu nguo, wala si njia ya pekee. Madeleine Vionnet, aliyefungua nyumba yake ya mavazi mjini Paris mwaka 1912 na ambaye mikato yake inachunguzwa na wanafunzi hadi leo, alibuni kwa kumvisha mwanasesere mdogo wa mbao. Alikizungusha kitambaa mwilini mwa mwanasesere huyo, akakikunja, akakibana kwa pini na kukiachia kianguke, mpaka umbo alilolitaka lilipopatikana, ndipo likakuzwa kufikia kimo cha mtu. Ubunifu wa namna hiyo huanzia mikononi, na wapo watu wengi ambao mikono yao huelewa kitambaa kabla penseli haijafika kwenye karatasi.

Tena michoro ya mitindo unayoiona magazetini inaweza kumpotosha anayeanza. Kwa desturi ya michoro hiyo, mtu huchorwa akiwa na urefu wa vichwa 9, ilhali mtu halisi ana urefu wa vichwa 7 na nusu hivi, na sehemu kubwa ya urefu huo wa ziada huongezwa miguuni. Gauni linalopendeza kwenye mchoro wa aina hiyo linaweza kumlemea mtu wa kawaida, kwa sababu miguu iliyolibeba haipo.

Jambo ambalo huwezi kulikwepa ni mchoro wa kiufundi, yaani nguo iliyochorwa ikiwa imelazwa, mbele na nyuma, bila mtu ndani yake, ikionyesha kila mshono, kila mfuko, mahali zipu inapoanzia na inapoishia, na idadi ya vifungo. Mchoro huu hauhitaji kipaji. Unahitaji rula, uangalifu na ujuzi wa jinsi nguo inavyoungwa. Ukishindwa kuuchora upande wa nyuma, ni dalili kwamba bado hujaibuni nguo yote.

Jizoeze pia kupima uwiano kwa macho. Nguo inayougawa mwili katika nusu mbili zilizo sawa mara nyingi huonekana imepooza, lakini ukiusogeza mstari wa kiuno au wa pindo ili sehemu moja iwe theluthi na nyingine theluthi mbili, jicho hupata mahali pa kuanzia na mahali pa kuelekea. Zoezi lenyewe ni jepesi: simama mbele ya kioo kirefu ukiwa na blauzi ndefu isiyochomekwa, kisha ikunje kwa ndani sentimita 3 kwa wakati mmoja, ukitazama mwili unavyobadilika kila mara.

Swali: Nilishona sketi iliyonyooka kwa kitambaa cha pamba, ikanikaa vizuri siku ya kwanza. Baada ya kuifua mara mbili, mshono wa ubavuni umezunguka ukaja mbele ya paja, na pindo halilingani tena. Vipimo vilikuwa sahihi na mishono haijafumuka. Kosa liko wapi?

Jibu: Kosa liko kwenye meza ya kukatia, na kwa maoni yangu hili ndilo swali kubwa kuliko yote ya safari hii, kwa sababu nguo nyingi zinazolaumiwa kwa mshono mbaya zilikwisha kuharibika kabla sindano haijazigusa.

Kitambaa kilichofumwa kina makundi mawili ya nyuzi. Nyuzi za mtande hukaa kwa urefu wa kitambaa, sambamba na kingo zake mbili zilizofumwa kwa kubana. Hizi ndizo zilizovutwa kwa nguvu wakati wa kufuma, na kwa hiyo ndizo imara na zisizonyumbuka sana. Nyuzi za mshindio hupita kwa upana, kutoka ukingo hadi ukingo, nazo hulegea kidogo kuliko mtande. Katika kitambaa kizuri makundi haya hukutana kwa pembe mraba. Ukikivuta kitambaa kwa mshazari, hasa kwa digrii 45, utaona kinanyumbuka kana kwamba ni mpira, kwa sababu pale hakuna uzi unaozuia mvuto. Vijumba vya mraba vilivyo kati ya nyuzi hubonyea tu na kugeuka msambamba.

Sasa fikiria sketi yako. Ikiwa kipande cha mbele kilikatwa kikiwa kimelala upande kidogo, hata kwa digrii chache, basi uzito wake haukubebwa na nyuzi za mtande peke yake. Ubavu mmoja ulisimama sawa na mtande na ubavu wa pili ukawa na mshazari kidogo. Pasi na upya wa kitambaa viliuficha upungufu huo siku ya kwanza, lakini maji yalipoingia, nyuzi zikajirudia mahali pake pa asili na sketi ikazifuata. Mshono haukuhama peke yake. Nyuzi ndizo zilizouhamisha.

Tiba yake huanza kabla ya kukata. Kwanza, fua kitambaa cha pamba au kitani kwa njia ile ile utakayoifulia nguo, kisha ukikaushe na kukipiga pasi, ili kama kinasinyaa kisinyae sasa. Pili, hakikisha kwamba kimenyooka: kata alama ndogo karibu na ukingo, chomoa uzi mmoja wa mshindio kutoka upande mmoja hadi wa pili, na ukate kwa kuufuata mstari ulioachwa na uzi huo. Kisha kunja kitambaa ukingo kwa ukingo. Ncha zilizokatwa zikikutana sawasawa, una bahati. Zisipokutana, kitambaa kimepinda, na mara nyingi watu wawili wakikivuta kwa mshazari, kwenye zile pembe mbili zilizo fupi, hurudi katika hali yake, ndipo kikapigwa pasi yenye mvuke. Vipo vitambaa vilivyotiwa dawa kiwandani baada ya kupindishwa, na hivyo havirudi hata vikivutwa vipi. Kama kitambaa cha namna hiyo kina mistari au maua yaliyopangwa, usikitumie kwa nguo inayopaswa kunyooka.

Tatu, tazama mshale uliochorwa kwenye pateni, yaani kwenye karatasi ya kukatia. Mshale huo unasema mtande upite wapi. Usiukadirie kwa jicho. Pima kutoka ncha moja ya mshale hadi ukingo wa kitambaa, kisha kutoka ncha ya pili, na usogeze karatasi mpaka vipimo hivyo viwili viwe sawa kabisa. Kazi hii huchukua dakika moja kwa kila kipande, na sijui dakika nyingine katika ushonaji yenye faida kubwa zaidi ya hiyo.

Na kama kitambaa kina manyoya, kama vile mahameli, vipande vyote vielekee upande mmoja, kwa sababu manyoya yanayolala chini na yale yanayosimama huonekana kuwa rangi mbili tofauti kwenye mwanga uleule. Kwa sababu hiyo kitambaa cha aina hii hununuliwa kwa ziada.

Nisingependa uondoke ukiamini kwamba mshazari ni adui. Vionnet niliyemtaja juu alijipatia heshima yake kwa kukata magauni mazima hanamu, yaani kwa mshazari, katika miaka ya 1920 na 1930, ili kitambaa kinyumbuke na kulifuata umbo la mwili bila kubanwa. Tofauti ni kwamba yeye aliukusudia mshazari na kuupangia, ilhali sketi yako iliupata bila kukusudiwa.

Swali: Ninapima kifua, nakata kufuata kipimo kile kile na kuongeza nafasi ya mshono, lakini nguo inabana. Je, futikamba yangu ni mbovu?

Jibu: Ikunjue futikamba yako kando ya rula ya chuma uhakikishe, kwa maana zile za kitambaa hurefuka zinapozeeka. Lakini nadhani tatizo ni jingine. Umeshona nguo ya kipimo cha mwili, na nguo ya kipimo cha mwili haivaliki, isipokuwa kwa kitambaa kinachonyumbuka. Mtu hupumua, hukaa, hunyoosha mikono, na kila tendo huongeza mzunguko wa sehemu fulani. Kwa hiyo pateni huongezewa nafasi ya mwendo. Kwa gauni la kawaida la kitambaa kisichonyumbuka, sentimita 5 hadi 8 kifuani, 2 hadi 3 kiunoni na 4 hadi 6 kwenye nyonga ni mwanzo mzuri. Koti linalovaliwa juu ya nguo nyingine huhitaji zaidi. Hiyo ni nafasi ya kuishi ndani ya nguo. Nafasi ya mtindo, ile inayoifanya blauzi iwe pana kwa makusudi, huongezwa juu yake. Kwa vitambaa vya jezi, yaani vile vinavyonyumbuka, mambo hugeuka, kwani mara nyingi nguo hukatwa ikiwa ndogo kuliko mwili na kuachwa inyumbuke.

Upimaji wenyewe una adabu zake. Anayepimwa asimame kwa utulivu akitazama mbele, maana akiinama kuangalia namba, vipimo vya mgongo hubadilika. Avae nguo za ndani atakazozivaa na nguo hiyo. Mfunge uzi kiunoni na umwombe ainame kulia na kushoto. Uzi utatulia mahali kiuno kilipo hasa, na hapo ndipo utakapopimia, na ndipo utakapoanzia kipimo cha urefu wa mgongo hadi kwenye mfupa uliotokeza chini ya shingo. Nyonga zipimwe mahali zilipojaa zaidi, popote palipo, wala si mahali kitabu kilipopataja.

Kuna chanzo kingine cha kubana ambacho wengi hawakihesabu. Tuseme gauni lako lina mishono 6 ya wima, na kila mmoja umeushona ukiingia ndani milimita 2 zaidi ya alama. Mshono mmoja hula tabaka mbili, kwa hiyo umepoteza milimita 4 kwa kila mshono, na kwa mishono 6 zimekuwa milimita 24. Karibu nusu ya nafasi ya kifua imetoweka, na hakuna mahali hata pamoja unapoweza kupanyooshea kidole. Bandika utepe kwenye bamba la cherehani kwa umbali kamili wa mshono wako, sentimita 1 au 1.5, na uufuate utepe badala ya kuitazama sindano.

Swali: Dati za kifuani kwenye blauzi zangu zinaishia na kijipovu kilichochongoka, na hata pasi haikiondoi. Pia naomba unieleze: kwa nini dati ziwekwe mahali fulani tu?

Jibu: Nianze na kijipovu. Dati ni mkunjo unaoanza ukiwa mpana na kuishia na ncha, na kazi yake ni kukipa kitambaa bapa mahali pa kututumka. Ncha yake haipaswi kufika kwenye kilele cha titi. Iishie sentimita 2 hadi 3 kabla ya hapo, kwa sababu mwili hauna ncha. Shona kuanzia upande mpana ukielekea ncha, na zile sentimita chache za mwisho ziwe karibu sambamba na mkunjo, ili mshono utoke kwenye kitambaa taratibu badala ya kukatika ghafla. Usirudishe cherehani nyuma penye ncha, kwa kuwa kurudisha huongeza unene mahali panapotakiwa wepesi. Acha nyuzi ndefu na uzifunge fundo kwa mkono. Kisha ipige pasi juu ya kitu cha mviringo, kama mto mgumu au taulo iliyokunjwa, maana dati iliyopigwa pasi juu ya ubao bapa hurudishwa kuwa bapa, na hilo ndilo ulilokuwa unalikimbia.

Swali lako la pili ni zuri zaidi kuliko la kwanza. Dati haina mahali pake pa lazima. Kinacholazimika ni kwamba ielekee kwenye kilele. Inaweza kutoka begani, kwapani, ubavuni, kiunoni, shingoni au hata katikati ya kifua. Chukua pateni ya mbele yenye dati ya ubavuni. Chora mstari mpya kutoka begani hadi kwenye kilele, ukate kwa mkasi, kisha ifunge dati ya zamani kwa gundi ya utepe. Bega litafunguka lenyewe, na nafasi iliyofunguka ndiyo dati yako mpya, yenye pembe ile ile. Nafasi hiyo si lazima ishonwe kama dati. Unaweza kuigawa iwe marinda madogo chini ya shingo, au kuunganisha dati ya begani na ya kiunoni ziwe mshono mmoja mrefu unaopita juu ya kifua na kuigawa nguo vipande, na hapo mshono wenyewe utafanya kazi ya dati zote mbili. Mitindo mingi inayoonekana kuwa tofauti kabisa ni pateni moja ambayo dati yake imehamishwa. Mtu anayelielewa jambo hili kwa mikono yake, kwa karatasi na mkasi, ameanza kuwa mbunifu, kwa sababu sasa anaweza kuuweka mstari anapoutaka na mwili bado ukapata nafasi yake.

Kwenye sketi hesabu ni ile ile. Tuseme kwamba, baada ya kuongeza nafasi, sketi yako ina sentimita 104 kwenye nyonga na 76 kiunoni. Tofauti ni 28, yaani 7 kwa kila robo ya sketi. Ukiziondoa zote 7 ubavuni, utapata ubavu uliopinda ghafla na kitambaa kitakachotuna kwenye nyonga. Ondoa 3 ubavuni, na 4 zilizobaki zigawe katika dati mbili za sentimita 2 kila moja. Za nyuma ziwe ndefu, sentimita 12 hadi 14, na za mbele ziwe fupi, 8 hadi 10, kwa sababu makalio hujaa chini zaidi kuliko tumbo.

Swali: Naomba hesabu ya sketi ya duara kamili. Kiuno changu ni sentimita 72 na ninataka urefu wa sentimita 60.

Jibu: Gawanya kiuno kwa 6.28. Utapata 11.46, tuseme 11.5, na hiyo ndiyo nusu kipenyo ya duara la kiuno. Ondoa sentimita 1 ya mshono, kwa hiyo tundu ulikate kwa nusu kipenyo ya 10.5, usiogope udogo wake, kwani kiuno cha sketi hii kina sehemu zilizokaa hanamu, nazo hurefuka mara zinapokatwa. Piga mshono mmoja wa kuzuia kuzunguka kiuno kabla hujakishika tena. Nusu kipenyo ya nje ni 11.5 ukijumlisha 60, yaani 71.5, na uongeze sentimita 1 ya pindo. Duara zima litakuwa na upana wa sentimita 145, kwa hiyo kitambaa cha upana wa 150 kinakutosha bila kuunga. Kilicho chembamba zaidi kitakulazimu kukata nusu mbili.

Kabla ya kupinda, itundike sketi kwa siku nzima. Sehemu za hanamu zitashuka na zile za mtande zitabaki, na pindo litakuwa na mawimbi. Mvalishe mhusika, pima kutoka sakafuni kwenda juu ukizunguka, na upunguze kilichozidi. Pindo lenyewe liwe jembamba, maana lina urefu wa karibu meta 4.5 na lina mviringo. Pindo pana litajikunja ndani. Kwa nusu duara, gawanya kiuno kwa 3.14 badala ya 6.28.

Swali: Cherehani yangu inakusanya uzi chini ya kitambaa na kufanya fundo. Nimeikaza sehemu ya chini mara nyingi lakini haisaidii. Pia vitambaa vyepesi vinajikunyata kwenye mshono.

Jibu: Uiache sehemu ya chini. Cherehani ya nyuzi mbili, ya aina aliyoipatia hataza Elias Howe nchini Marekani mwaka 1846, hushona kwa kuufunganisha uzi wa juu na ule wa bobini, yaani kigurudumu kidogo cha uzi wa chini, katikati ya unene wa kitambaa. Uzi wa juu ukilegea, uzi wa chini huuvuta mpaka upande wa chini, na hapo ndipo unapoona fungu la nyuzi. Kwa hiyo vurugu ya chini kwa kawaida hutokana na uzi wa juu, na mara nyingi sababu ni kwamba ulipitishwa wakati mguu wa cherehani ukiwa umeshushwa. Mguu ukiwa chini, visahani vya kukaza uzi huwa vimefungwa na uzi hauingii kati yake. Inua mguu, toa uzi wote, upitishe upya, ndipo ujaribu kwenye kipande cha kitambaa kile kile.

Kujikunyata kwa vitambaa vyepesi mara nyingi kunatokana na sindano nene. Namba ya sindano ni unene wake katika sehemu za mia za milimita: 80 ni milimita 0.8. Kwa hariri na vitambaa vinavyofanana nayo tumia 60 au 70, kwa pamba ya kawaida 80, kwa jinzi 100, na kwa jezi tafuta sindano yenye ncha ya mviringo, ambayo husukuma nyuzi kando badala ya kuzitoboa. Punguza urefu wa mshono hadi milimita 2, punguza mkazo, tumia uzi mwembamba, na ukishike kitambaa kikiwa kimenyooka mbele na nyuma ya sindano bila kukivuta. Sindano ibadilishwe kila unapoanza nguo mpya. Watu huihifadhi kana kwamba ni urithi, ilhali ndicho kifaa chenye gharama ndogo kuliko vyote mezani.

Swali: Mkono wa nguo unakuwa mkubwa kuliko tundu la kwapa, kwa hiyo huwa naupunguza ili ulingane. Matokeo yake, mvaaji hawezi kuinua mkono. Nimejaribu kulishusha tundu la kwapa lakini hali imezidi kuwa mbaya.

Jibu: Mkono ulipaswa kuwa mkubwa. Kilele cha mkono, yaani ile sehemu ya juu iliyopinda, kwa kawaida huzidi mzunguko wa tundu lake kwa sentimita 2 hadi 4 katika vitambaa vilivyofumwa, na ziada hiyo ndiyo inayouzunguka mpira wa bega. Ukiikata, umelikata bega. Badala yake, piga mistari miwili ya mishono mirefu ya milimita 4 kati ya alama za mbele na za nyuma, vuta nyuzi taratibu, na uigawe ziada mpaka itoweke bila kufanya marinda, kisha upige bandi, yaani mishono ya muda ya kushikiza, kabla ya kushona. Zingatia alama: kwa desturi alama moja huonyesha mbele na mbili huonyesha nyuma, na mkono wa kulia ukiwekwa kushoto utajipinda hata kama kila kitu kingine ni sahihi.

Kuhusu kulishusha tundu, wengi hufanya hivyo kwa nia njema, lakini matokeo huwa kinyume. Tundu likishuka, mkono huungana na kiwiliwili mbali na kwapa, na mvaaji akiinua mkono hulazimika kuliinua gauni zima. Tundu lililo karibu na kwapa, bila kukwaruza, ndilo linaloruhusu mkono kusogea peke yake. Kitu cha pili ni kimo cha kilele. Kilele kirefu huleta mkono mwembamba unaoanguka vizuri mtu akisimama, lakini humzuia kunyoosha mikono. Kilele kifupi huleta mkono mpana, wenye mikunjo kwapani, lakini huru. Suti hutaka cha kwanza, nguo ya kazi hutaka cha pili, na mbunifu sharti achague akijua anachokipoteza. Mbunifu wa mavazi wa Kihispania, Cristóbal Balenciaga, alijulikana kwa kuifumua mikono iliyokwisha kushonwa na kuiunga upya mpaka aridhike nayo, kwa hiyo usione haya kuifumua yako.

Swali: Je, ni lazima nipige pasi kila mshono, au naweza kusubiri nguo ikamilike?

Jibu: Ni lazima, na sheria yake ni moja: mshono wowote upigwe pasi kabla haujakatwa na mshono mwingine. Upige kwanza kama ulivyoshonwa, ili uzi uzame kwenye kitambaa, kisha ufungue pande zake na kupiga tena. Pasi ishushwe na kuinuliwa. Ukiiburuta utakinyoosha kitambaa ulichohangaika kukikata sawa. Mshono uliofungiwa ndani ya bitana au chini ya ukosi bila kupigwa pasi hautafikiwa tena na pasi yoyote.

Swali: Nimenunua kitambaa cha gharama kwa ajili ya gauni la sherehe na ninaogopa kukikata. Nifanyeje?

Jibu: Usikikate bado. Nunua pamba isiyo na rangi, yenye uzito unaokaribiana na kitambaa chako, ukate gauni hilo kwanza kwa pamba hiyo, bila bitana, bila ukosi wa ndani na bila kumalizia kingo. Acha sentimita 3 za mshono ubavuni na begani ili upate pa kupanulia. Shona kwa mishono mirefu inayofumuka kwa urahisi, chora kwa penseli mstari wa katikati ya mbele, wa kiuno na wa nyonga, kisha mvalishe mhusika.

Tazama mistari hiyo kabla ya kutazama kitu kingine. Mstari wa nyonga ukiinuka nyuma, makalio yanahitaji urefu zaidi, na upana hautaliponya tatizo hilo. Mikunjo inayoelekea mahali fulani kama mishale inaonyesha mahali palipobana. Mikunjo inayolala kwa mlalo juu ya kiuno inaonyesha urefu uliozidi. Kata kwa mkasi palipobana, acha kitambaa kifunguke kinavyotaka, na ushone kiraka kwenye nafasi hiyo. Palipozidi, kunja na ubane kwa pini. Mwambie akae, ainame, anyooshe mikono mbele. Halafu ifumue yote, ipige pasi, na uhamishie kila badiliko kwenye karatasi, ukihakikisha kwamba mishono inayokutana ina urefu sawa. Ukimaliza, fua au upige pasi yenye mvuke kitambaa chako cha gharama kulingana na aina yake, kilaze mezani ukingo kwa ukingo, pima umbali wa ncha zote mbili za mshale, ndipo uchukue mkasi.